Nafasi Tano za Wenye Udhuru

Mtu akifa Pangani, hakuna anayeuliza kama waliokwisha fika msibani wanatosha. Sheria ingemruhusu kuuliza. Kumwosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni mambo manne ambayo kila mtoto aliyepita chuoni anayahesabu kwa vidole, na anaambiwa mapema kwamba hayo ni fardhi kifaya: wakiyatimiza baadhi, wengine wote wamesalimika, yakiachwa na wote, mji mzima umeasi. Kwa hesabu hiyo wanaume sita wenye nguvu wangemaliza kazi kabla ya adhuhuri na wengine wakaendelea na shughuli zao. Nenda lakini ukaone. Maduka yanafungwa, kivuko kinachotoka Bweni kinajaa kofia, na jeneza halifiki kaburini bila watu kupokezana kwa kusukumana. Asiyeonekana, na hana safari wala maradhi, atasemwa mpaka siku yake naye.

Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo, na mlango huo wa fikihi ndiye aliyenisomesha. Chuo sikukirithi. Nilikwenda kusomea uuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ikawa chanjo: kliniki ya mama na mtoto siku za kawaida, na huduma za mkoba kwenye vijiji ambavyo zahanati iko mbali navyo, kuanzia huku Pangani kwenda chini hadi Kipumbwi na Mkwaja. Sasa nimestaafu, na baada ya alasiri nasomesha darsa la akina mama. Fardhi kifaya na chanjo vilikaa kichwani mwangu miaka mingi kama wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana. Aliyevikutanisha ni mvuvi mmoja.

Tulikuwa tumetundika mzani kwenye tawi la mwembe, foleni imezunguka shina mara mbili, watoto wanalia kwa zamu. Akaja akiwa bado na magamba ya samaki mikononi. Mkewe alikuwa kwenye foleni na mtoto mgongoni. Hakuwa na hasira hata kidogo. Akanisalimia vizuri, kisha akasema, "Shikamoo, bibi nesi. Mimi chanjo siipingi. Ila nauliza: hawa wote si watoto wao wanachanjwa? Sasa ugonjwa utampata wapi mwanangu? Si ndiyo fardhi kifaya hiyo? Wametosha. Wangu mniachie."

Sababu za kukataa chanjo nimezisikia nyingi, na nyingi ni woga uliovaa kanzu. Hii ilikuwa hoja ya mtu aliyesoma na akafikiri. Tena nusu yake ni kweli kabisa. Ugonjwa unaohama kutoka mtu hadi mtu ukikosa wa kumrukia, unakatika. Sisi wauguzi tunahangaika na makasha ya barafu kwa ajili ya hilo hilo. Kwa hiyo sikuweza kumwambia kwamba amekosa dini, wala kwamba amekosa sayansi. Alichokosa ni kipimo cha kutosha.

Maiti mmoja hutoshwa na watu wachache. Surua haitoshwi na wachache. Mgonjwa mmoja wa surua akiwa katikati ya watu wasio na kinga huambukiza watu 12 hadi 18, na hewa ya chumba alichokohoa hubaki na virusi hata saa mbili baada ya yeye kuondoka. Ndiyo maana wataalamu husema kwamba ili surua ikose njia, watu kama 95 katika kila 100 wawe na kinga. Hapo fardhi kifaya inakuwa na sura ambayo vitabu vya baba yangu havikuitaja, maana waliovitunga hawakuijua hesabu hii: wajibu wa jumuiya usiotimia mpaka karibu kila mtu autimize. Wanaosamehewa ni watano tu katika mia.

Na nafasi hizo tano zina wenyewe. Yupo mtoto wa miezi minne au sita, ambaye kinga aliyotoka nayo tumboni kwa mama yake inazidi kupungua, na sindano ya kwanza ya surua na rubela hapati mpaka atimize miezi 9. Yupo aliyechanjwa kwa wakati lakini mwili wake haukushika. Dozi ya miezi 9 huwashika watoto kama 85 katika 100, ndiyo sababu tunarudia akiwa na miezi 18. Yupo mwenye saratani, au ambaye kinga ya mwili wake imeporomoka kwa maradhi mengine, ambaye chanjo yenye virusi hai haimfai. Ukiwapanga hao wote, nafasi tano hata haziwatoshi. Mtoto mzima wa afya akiingizwa humo, kuna mnyonge anayetolewa nje, na wala hakuna atakayemwona akitolewa.

"Mwanangu," nikamwambia yule mvuvi, "nafasi unayoitaka ina mwenyewe." Nikamwonyesha kichanga kilicholala kwenye kanga kando ya mizizi. Mwezi wa Ramadhani msafiri na mgonjwa wameruhusiwa kula mchana. Mzima wa mwili asiye safarini hawezi kukaa nao akala kwa kuwa tu chakula kipo. Alicheka. Kama alishawishika siku ile sijui, maana mkewe alifika mbele ya foleni kabla hatujamaliza, na yeye akarudi kwenye ngarawa.

Waandishi wa magazeti wakija kuuliza kwa nini watu wa pwani wanasita, huwa wanatazamia kuambiwa habari ya kadari: Mungu akitaka mtoto ataugua, asipotaka hataugua, sindano ya nini. Neno hilo lipo, lakini nimelisikia mara chache kuliko wanavyodhani, na anayelisema mara nyingi ana sababu nyingine mfukoni. Wasomi wetu walilimaliza zamani. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari kwamba huko kuna tauni, ile ya Amwas ya mwaka wa 18 Hijria, aligeuza msafara kurudi Madina. Abu Ubaida, sahaba mwenzake, akamlaumu kwamba anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Jibu la Umar, kwa maana yake, ni kwamba anatoka kwenye kadari moja kwenda kwenye nyingine, na zote mbili ni za Mungu huyo huyo. Kisa hiki si cha mbali kwa watu wa mkoa wetu. Kuanzia 1980, kwa zaidi ya miaka 20, tauni ilikuwa ikirudi mara kwa mara katika vijiji vya Lushoto, na kule milimani waliopambana na panya na viroboto hawakuwa na imani pungufu kuliko waliokaa kitako.

Tena tazama mahujaji. Asiyechanjwa homa ya uti wa mgongo hapati viza ya kwenda Makka, na sijamwona hata mmoja akiuliza kama sindano ile inapingana na tawakali. Wanakunja mikono ya kanzu, wanachomwa, wanaomba cheti kipigwe muhuri vizuri. Mzee mmoja aliyewahi kumzuia mjukuu wake asipewe matone ya polio nilimkuta kwenye foleni hiyo. Nikamtazama, naye akatazama ukutani.

Hoja ya najisi inastahili heshima zaidi, kwa sababu ni swali la kweli: baadhi ya chanjo duniani hutiwa jelatini ya nguruwe ili zisiharibike. Wanazuoni na madaktari walikaa Kuwait mwaka 1995 wakalijadili, wakashika kanuni ya istihala, kwamba kitu kikigeuka dhati yake hukumu yake nayo hugeuka, kama mvinyo unavyokuwa siki halali. Anayetaka kuchimba zaidi achimbe. Mimi naona mlango huo umefungwa vizuri.

Ambao haujafungwa ni mlango wa imani kati ya mtu na mtu. Swali lililonisumbua kuliko yote niliulizwa na bibi mmoja muuza vitumbua. "Nesi, mwanangu akiumwa kichwa naambiwa dawa hakuna, nikanunue. Mwanangu akiwa mzima nafuatwa mpaka mlangoni na sindano ya bure. Huyu anayenipenda nikiwa mzima tu ni nani?" Nikamweleza kwamba mpango wa chanjo nchini ni wa tangu 1975, kwamba serikali na wafadhili wananunua chanjo kwa wingi mno ndiyo maana hatozwi, kwamba kuzuia kuna gharama ndogo kuliko kutibu. Yote kweli, na yote hayakumjibu. Alikuwa anauliza nia. Katika dini yetu amali bila nia haina uzito, naye alikuwa na haki ya kuipima nia ya mkono unaomshika mtoto wake.

Na nia hiyo ilitiliwa shaka kwa sababu zinazoeleweka. Mwaka 2021 ulianza viongozi wetu wakubwa wakisema chanjo ya korona si ya kuaminiwa; tarehe 28 Julai mwaka huo huo Rais Samia alichanjwa hadharani na kampeni ikazinduliwa. Mimi nilifurahi. Lakini mtu wa kawaida aliyesikia maneno mawili yanayopingana kutoka mamlaka ile ile ndani ya miezi michache ana haki ya kukuna kichwa. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kutolewa nchini 2018 kwa wasichana wa miaka 14, uvumi wa kwamba inaua uzazi ulikuwa umeshafika vijijini kabla ya gari la chanjo. Jirani zetu Kenya nao walikuwa wameingia kwenye mzozo kama huo 2014, maaskofu wa Kanisa Katoliki walipoituhumu chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake. Kwa hiyo jambo hili halina kofia wala msalaba. Wasichana peke yao, shuleni, bila ya wazazi kukalishwa chini: hata mimi ningeuliza. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa kuwaua wanawake wetu kuliko saratani nyingine yoyote. Jambo zito namna hiyo lilistahili kuzungumzwa misikitini na makanisani miezi mingi kabla, si kutangazwa na kipaza sauti kikipita juu ya pikipiki.

Nilichojifunza ni kuonyesha chupa. Kila chupa ya chanjo ina alama ndogo, duara la zambarau lenye mraba mweupe ndani yake. Chupa ikikaa kwenye joto, mraba unakolea kidogo kidogo, na ukishafanana na duara chupa hiyo ni ya kutupa. Nilikuwa nawapa kina mama waitazame wenyewe kabla sijavuta dawa. Wengine hawakujua kusoma kadi ya kliniki, lakini mraba waliuelewa mara moja, na punde wakawa wakali kuliko mratibu wa wilaya: "Nesi, hii mbona imeanza kiza?" Yule muuza vitumbua alikuwa wa kwanza kuikataa chupa moja, na alikuwa sahihi. Baada ya hapo sikumwona tena akiuliza nani anampenda. Alikuwa amepewa madaraka kidogo juu ya sindano inayoingia katika mwili wa mtoto wake, na hayo ndiyo aliyokuwa akiyadai siku zote.

Chupa hizo hizo zina fumbo lake la kifikihi. Chanjo ya kifua kikuu, ile inayoacha kovu begani, huja ikiwa unga mkavu, na chupa moja ikishachanganywa na maji yake inatosha vichanga 20. Ya surua na rubela inatosha watoto 10. Zikishachanganywa, zote mbili hudumu muda usiozidi saa sita, kinachobaki hutupwa. Sasa fikiria ni saa tisa alasiri, foleni imekwisha, kasha linafungwa, na mwanamke anatokea kwenye njia ya minazi, ametembea tangu asubuhi, mtoto mmoja. Mwenzangu mmoja, mtu mchamungu na mwenye huruma, alikuwa akiwarudisha. "Arudi siku ya mkoba ijayo, watakuwa wengi. Tufungue chupa ya watoto kumi kwa mmoja? Hiyo ni israfu, na Mwenyezi Mungu hawapendi wafanyao israfu."

Tulibishana sana juu ya hilo, na sikukubaliana naye mpaka tukaachana. Israfu ni kumwaga pasipo haki. Hapa mwenye haki amesimama mbele yako na vumbi miguuni. Dozi tisa zinazomwagwa zina bei, lakini bei hiyo jumuiya imeshaikubali ilipoamua kwamba chanjo itafuata watu waliko. Shirika la Afya Duniani nalo linaelekeza chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Unapomrudisha yule mama, unafanya hesabu ya yule mvuvi kwa kuigeuza: yeye alisema waliochanjwa wametosha, wewe unasema mmoja hatoshi. Wote wawili mmemtazama mtoto kama tarakimu.

Na hapa ndipo fardhi kifaya inapowaumbua wenye vyeo na wenye mishahara, nami nikiwamo. Wajibu wa jumuiya humwangukia anayeuweza. Mama anayeishi upande ambao mvua za masika zimekata njia, ambaye kliniki ya mkoba iliahirishwa kwa kuwa mafuta ya gari hayakutoka, mtoto wake akikosa chanjo, dhambi haiko mgongoni kwake. Ana udhuru. Imerudi kwa waliokuwa na uwezo wa kufika na hawakufika. Kadhalika mama aliyefokewa mbele za watu kwa sababu kadi imelowa au imepotea. Katika zahanati moja nilishuhudia msichana wa miaka kama 17 akiambiwa maneno ambayo sitayaandika, kisa kachelewa wiki mbili. Hakurudi. Takwimu zikaandika kwamba ameacha dozi. Ningekuwa na madaraka ya kuandika takwimu, ningeandika nani aliyemwachisha.

Niwarudie wanaotegemea kinga ya wenzao. Mfano wao mkubwa kuliko wote ni mtu wa pwani hii hii yetu ndefu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka, Somalia. Wafanyakazi wote wa hospitali walitakiwa kuchanjwa ndui. Yeye alikwepa, kwa jinsi sindano ilivyoonekana kuuma. Oktoba 1977 aliletewa gari lenye wagonjwa wawili wa ndui akaingia humo kuwaonyesha njia, safari fupi ya dakika chache tu, na ikatosha. Akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida ya kuambukizwa. Mji ulichachamaa, watu zaidi ya 50,000 walichanjwa Merka ndani ya wiki mbili hivi, na kutoka kwake ugonjwa haukumfikia mwingine. Mei 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imekwisha. Mwaka 2003, jimbo la Kano huko Nigeria lilipositisha matone ya polio kwa miezi mingi na virusi vya huko vikasafiri hadi nchi zilizokwisha kujisafisha, Maalin alikuwa mtu mzima ambaye angeweza kukaa kimya na historia yake. Hakukaa kimya. Alizunguka Somalia akihimiza chanjo ya polio, akiwasimulia wazazi kisa chake mwenyewe, mpaka malaria ilipomuua Julai 2013, akiwa katika kampeni hiyo.

Malaria. Chanjo yake ya kwanza, ile ya RTS,S, ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika kati ya 2009 na 2014, na miongoni mwao walikuwamo watoto wa Korogwe, mkoani kwetu, na wa Bagamoyo. Ilipoanza kutolewa kwa majaribio katika huduma za kawaida mwaka 2019, nchi zilizochaguliwa zilikuwa Ghana, Kenya na Malawi. Sina ugomvi na uchaguzi huo, kila penye uchaguzi pana sababu zake. Ila nawafikiria wazazi wa Korogwe waliotoa mikono ya watoto wao ichomwe ili watoto wa Kisumu wapate usalama. Yule mvuvi alisema wengine wabebe, yeye anufaike. Hawa walibeba, wakanufaika kwanza wengine. Je, mzazi ana haki hiyo? Mali ya mtoto wetu mdogo sheria inakataza kuitoa sadaka. Mkono wake je?

Swali hili nimelipeleka darsani, na nililipeleka kwa kupitia rubela kwa kuwa rubela haina pa kujificha. Chanjo yake iliingia nchini pamoja na kampeni ya Oktoba 2014, ikiwa ndani ya sindano moja na surua. Mtoto wa kiume akipata rubela huona vipele na homa ndogo, siku chache kapona. Anayeangamia ni ambaye hajazaliwa: mwanamke akiipata katika miezi ya mwanzo ya mimba, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, au na mtoto wa jicho, au moyo wenye tundu. Kwa hiyo katika sehemu ya rubela ya sindano ile, mvulana wa miezi 9 anachomwa kwa manufaa ya mtu asiyemjua, ambaye pengine baba na mama yake bado hawajaonana.

Darsa liligawanyika. Mmoja, mjamzito, alisema kwa ukali kidogo kwamba hajamwomba mtoto wa mtu yeyote achomwe kwa ajili yake. Mwingine akamjibu kwamba wewe mwenyewe ulikuwa tumboni, nani alikuomba? Mimi nashika hivi: mali ya yatima haitolewi sadaka kwa sababu ikitoka haimrudii. Kinga inarudi. Mvulana yule amezaliwa katika mji ambao tayari mikono mingine ilishachomwa kabla yake, ameshakula faida ya wasiomjua, na atakapokuwa mume, mkewe ataila tena. Anaingizwa katika deni ambalo tayari lilikuwa lake. Na maumivu ni ya usiku mmoja wa kuchemka mwili. Kuna watoto wachache sana wanaopata zaidi ya hapo, na kwa hao siwezi kusema ni usiku mmoja. Nasema jumuiya inayopokea kinga kutoka kwao inadaiwa matibabu yao yote, bila kuwatuma kwa wakili na bila kuwaambia ni kadari. Walionisikiliza waliitikia hilo kuliko yote niliyosema.

Kisha likaja swali lenyewe walilokuwa wakilizunguka tangu mwanzo, kwamba nani mwenye ruhusa. Huku kwetu mama ndiye anayeamka na mtoto kwenda kliniki, na baba yuko dago, kambini kwa wavuvi, wiki kadhaa, akirudi anasema nani kawaambia. Walii wa mtoto katika ndoa na mali ni baba, hapo hapana ubishi. Lakini malezi, yaani kumnyonyesha, kumwosha, kumfunika asipigwe na baridi, ni haki ya mama, na hakuna mwanachuoni aliyemtaka mama aandike barua ya kuomba idhini ya kumfunika mtoto shuka. Kumpeleka kliniki kwa miadi iliyoandikwa kwenye kadi nakuweka humo. Akimwambia mumewe kabla, ni adabu na ni mapenzi. Asipompata, aende.

"Hayo umeyasema wewe, somo," akasema yule mjamzito. "Uje uyaseme kwa mume wangu."

Nikamuuliza anarudi lini kutoka dago. Akasema bamvua likianza, Jumatano au Alhamisi. Nikamwambia Alhamisi baada ya alasiri nitakuja, na aniwekee kahawa.